Mgongo wa Kabati la Redio

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa juu ya benchi la karakana, bahasha ya kaki mkononi, na ndani ya bahasha pete. Mchumba wangu hakuandika hata mstari mmoja. Mimi niliyemwandikia beti arobaini na mbili, zote kwa mizani kamili, nilirudishiwa pete kama mtu anayerudishiwa sahani ya jirani.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananisoma: mimi ni seremala. Natengeneza samani za mtindo wa zamani kwa watu wenye nyumba mpya. Baba yangu naye alikuwa seremala, ana miaka miwili kaburini. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nahesabu mizani kwa vidole huku napiga msasa. Nilikuwa nikijitapa kila mahali kwamba katika ukoo wetu wa watu bubu, mimi ndiye wa kwanza kupanga vina. Yashikeni maneno hayo, yatanirudia.

Tangu pete irudi, mwili wangu wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa. Ganzi. Ungenichoma sindano, ningekuuliza umeitoa wapi.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Madamu Enzi.

Jina hilo tulimpa sisi mafundi, maana hamalizi sentensi bila "enzi hizo". Kazi yake ni kupamba nyumba za watu. Mpe sebule ya kuta nyeupe na vioo tangu sakafuni hadi darini, ataweka kochi la rangi ya haradali, meza fupi yenye miguu iliyochongoka na kutanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na saa ya ukutani yenye miale kama jua. Lakini ana kipimo chake. "Kimoja cha zamani kwa vitatu vya kisasa," husema. "Ukizidisha, sebule inageuka stoo ya marehemu."

Alinipa kazi ya vitu tisa kwa nyumba moja. Tisa! Hakuna fundi wa mtaa wetu aliyewahi kupewa nyumba nzima. Kisha akaweka sharti.

"Nataka na kimoja cha kweli. Kilichoishi enzi hizo. Bila cha kweli hata kimoja, chumba kizima kinasema uongo."

"Madamu, vyangu hakuna atakayevijua."

"Vyako vizuri, fundi. Ila ni vya juzi."

Hilo "vya juzi" lilinipenya kwenye ganzi. Nikamwambia anifuate nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na kabati la redio alilolitengeneza baba mwaka aliomuoa mama. Refu kwa upana, fupi la kimo, la mtiki, milango ya vibao vyembamba inayoteleza, kitambaa cha spika chenye uzi wa dhahabu, miguu minne ya mshazari yenye kofia za shaba. Madamu Enzi hakulitazama usoni. Alizunguka nyuma, akapiga magoti na suti yake nyeupe, akapapasa ubao wa mgongo na misumari ya skrubu.

"Feki hujulikana mgongoni," akasema. "Mbele kila mtu anapaka rangi. Nyuma hakuna anayejisumbua." Akanusa. "Hili ni la kweli. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mama yangu. Amesafiri kupasuliwa macho."

"Na anajua?"

"Anajua."

Mama hakujua. Mama alikuwa mji wa mbali kwa dada yangu mkubwa, anafanyiwa upasuaji wa macho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho kwa miaka minne, anaona vivuli tu. Wangefanya la kulia, wasubiri, wafanye la kushoto. Wiki sita kwa jumla.

Nilipiga hesabu ya kifundi. Wiki sita zinatosha kutengeneza kabati jingine. Na hata kama macho yatapona, atalilinganisha na nini, naye hajaliona vizuri miaka minne?

Baadhi yenu mtaniandikia kwamba mimi si mtoto wa halali. Andikeni. Mimi siku ile sikuhisi kitu.

Nikaanza kazi. Na niseme ukweli, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mbao mpya nilizipaka chai nzito, kisha siki niliyolowekea nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zikazeeka miaka hamsini kwa siku mbili. Nilijaza funguo kwenye soksi nikazigonga nayo pembe za kabati mpaka zikabonyea kama zilizogongwa na watoto. Juu, upande wa kushoto, nikachora hata ile duara ya glasi ya chai ambayo mama aliiweka siku moja, baba akaitazama asiseme neno.

Utumbo wa redio niliuhamishia kabati jipya, pamoja na vitasa na kitambaa cha spika. Madamu Enzi hakuvihitaji, maana mteja wake alitaka spika za kisasa mle ndani. Mgongo tu ndio sikuweza kuuhamisha. Angeutafuta yeye kwanza. Kwa hiyo mgongo wa zamani ulibaki kwenye kabati la zamani, na lile jipya la mama nikalifunika kwa plaiwudi mpya niliyoizeesha kwa chai. Mama na mgongo wa kabati wana nini?

Lakini ili kutoa utumbo, ilinibidi nifungue mgongo ule wa zamani.

Upande wa ndani palikuwa na maandishi. Penseli bapa ya seremala, herufi kubwakubwa za baba, zile anazoandikia vipimo. Nikadhani ni vipimo. Nikasogeza taa.

*Nimekufanyia hili, kwa randa na msumeno,*
*Wewe uliyekubali, nyumba isiyo na neno,*
*Macho yakirudi hali, ufungue kwa mkono,*
*Usisomewe na mtu, usome wewe mwenyewe.*

Nilihesabu kwa vidole. Nane kwa nane. Nikarudia kuhesabu nikitafuta kosa. Nane kwa nane.

Baba. Mtu aliyekuwa akisema "haya" asubuhi na "haya" jioni.

Chini yake palikuwa na ubeti wa pili. Huo nao niliupitishia macho tu, kama mtu anayepita karibu na msiba wa watu asiowajua. Sikutaka kujua. "Nyumba isiyo na neno." Mimi katika beti zangu zote sijapata mstari kama huo. Nilichukua bisibisi nikaurudisha mgongo mahali pake, skrubu kumi na mbili, nikakaza moja moja. Kesho yake kabati likapakiwa kwenye gari la Madamu Enzi.

Hiyo ndiyo siri niliyokuwa sijawaambia. Sikuuza kabati tu. Niliuza na barua, nikijua ni barua, kwa sababu mwandishi wake alikuwa amenishinda.

Mama alirudi Jumamosi mchana, dada amemshika mkono kwa mazoea, maana kushikwa alikuwa hahitaji tena. Alivaa miwani myeusi ya hospitali. Alisimama mlangoni akaivua.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umekonda hivi!"

"Kazi, mama."

"Na hizo ndevu ni za kazi gani?"

Dada akacheka. "Huyo ni malenga, mama. Malenga wa vumbi la mbao. Ndevu ndiyo sare."

Mama alizunguka nyumba akitazama kila kitu kama mgeni aliyealikwa. Alitazama viganja vyake. Alitazama ukuta akasema rangi ile ni mbaya na aliyeichagua afungwe. Aliichagua mwenyewe. Kisha akafika kwenye kabati.

Nilisimama tuli.

Alilipapasa juu. Kidole chake kikazunguka ile duara. "Alama ya glasi yangu hii hapa," akasema taratibu. "Nilidhani niliiota." Akawasha redio. Ikakoroma, ikaimba. Akatabasamu.

Nilisubiri aibu. Badala yake ikaja fahari ndogo ya kifundi, naungama, kisha nayo ikazimika.

"Kaeni," mama akasema. "Nina jambo nililolibeba miaka miwili. Mnakumbuka randa kubwa ya baba yenu?"

Nani asiikumbuke? Randa ya chuma aliyoachiwa na baba yake. Ilitundikwa kwenye msumari wake peke yake, hakuna aliyeigusa.

"Daktari alisema vumbi litamuua. Nikamwomba apumzike, akasema haya. Kesho yake yuko kwenye benchi. Nikamwomba tena, haya. Ndipo siku moja alipokwenda kupima kifua, akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, nikampa ile randa."

Dada akashika mdomo. "Mama, wewe? Sisi tuliambiwa iliibwa."

"Aliwaambia yeye hivyo. Alirudi, akautazama msumari, akakaa chini. Hakuniuliza. Miezi minane hakuniuliza, mpaka alipozidiwa. Nikampigia magoti, nikamwambia, mume wangu, niambie kama umenisamehe au la, maana nitabaki na hili. Akasema: 'Jibu lako liko nyuma ya redio. Macho yakipona utalisoma.' Siku ya tatu akafa."

Redio iliendelea kuimba.

"Ndiyo maana nilikubali kisu machoni," mama akasema. "Mnadhani nilikuwa natamani kuona nini, sura zenu? Kesho baada ya chakula, fundi wangu, utanifungulia huo mgongo. Daktari alisema leo nisisome."

"Sawa, mama," nikasema.

Nilitoka nje nikampigia simu Madamu Enzi.

"Naomba kuuona mgongo wa lile kabati. Hata kwa saa moja."

"Nyumba imefungwa mpaka Jumatatu, mwenye nyumba amesafiri, funguo ninazo mimi. Umesahau nini?"

"Vipimo."

"Vipimo vya kitu ulichokwisha kuuza?"

"Nataka kutengeneza kingine, Madamu."

"Jumatatu, fundi." Akakata.

Jumapili asubuhi mama alitoka na dada kwenda kuwaona majirani sura zao. Nilimsikia kwenye ua wa pili akipiga kelele, "Kumbe una mvi! Na ulivyokuwa ukinicheka!" Nilikuwa na saa mbili.

Nililivuta kabati, nikafungua plaiwudi yangu, nikailaza juu ya magoti. Nikachonga penseli bapa. Ubeti wa kwanza niliukumbuka wote. Ningewezaje kuusahau? Niliuandika kwa herufi za baba, ile K yake yenye mguu mrefu, ile S inayolala. Mwandiko wa mtu ni kama mguu wa kiti, ukiwa na kiolezo unauchonga.

Ubeti wa pili ulikuwa mweupe kichwani mwangu. Hata neno moja. Jibu la mama lilikuwa humo, nami niliruka juu yake kwa kijicho.

Basi nikamsamehe mama mwenyewe, kwa niaba ya marehemu. Haikunichukua muda. Mimi huandika upesi.

*Lile la randa si deni, nimelisamehe kale,*
*Halimo tena moyoni, limebaki kule kule,*
*Ewe nyota ya angani, nakupenda vile vile,*
*Usisomewe na mtu, usome wewe mwenyewe.*

Nikasugua maandishi kwa kitambaa chenye majivu kidogo, yakafifia miaka miwili. Nikafunga skrubu kumi na mbili. Nikanawa mikono. Mama aliporudi nilikuwa nachambua mchele.

Baada ya chakula dada alifungua madirisha yote ili mwanga uingie. Mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya kabati. Nilifungua skrubu moja moja, nikazipanga sakafuni. Nikamwekea ubao mapajani.

"Ondokeni mbele ya mwanga," akasema.

Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika "nyumba isiyo na neno" kidole kilisimama, kikarudi nyuma, kikaipitia tena. Kisha ubeti wa pili. Nilimwona alipolifikia neno. Alisema kwa sauti ndogo, "Nimelisamehe kale." Machozi yakatoka bila kelele, kwenye macho yale yaliyokatazwa kulia.

"Mama, daktari," dada akasema, naye analia.

"Mwache daktari."

Nilisubiri nihisi kitu. Mama yangu alikuwa ametua mzigo wa miaka miwili mbele yangu, nami nilikuwa nahesabu kama "angani" na "moyoni" zimekaa sawa.

Ghafla mama akacheka katikati ya machozi. "Nyota ya angani! Baba yenu na nyota wapi na wapi? Mtu ambaye hata akitoka nje usiku anatazama kama mbao zimenyeshewa!"

"Mapenzi, mama," dada akasema. "Mapenzi yana siri."

"Labda kuugua kunambadilisha mtu." Alilitazama tena lile neno, akakunja paji la uso kidogo, kama anayepapasa ubao akakuta kibanzi. Nami nikajua kosa langu. Baba hakusifu. Baba alitengeneza. Nyota ilikuwa yangu, zile zile nyota za beti arobaini na mbili.

Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa!"

Niliijua sauti. Dada akaenda kufungua.

Madamu Enzi aliingia na kitu bapa kimefungwa kwa shuka, amekikumbatia kama mtoto. "Shikamoo, mama. Bila shaka wewe ndiye mama. Pole na upasuaji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani, sikufahamu sura, nilikuwa sioni mtu."

"Mimi ndiye niliyenunua kabati lako."

Mama akageuka akalitazama kabati lililokuwa mbele yake. Akamgeukia mgeni. "Kabati langu lipi?"

Madamu Enzi alinitazama. Nikatazama skrubu sakafuni. Alikuwa mwanamke wa biashara, hesabu aliimaliza mara moja.

"Uliniambia anajua," akaniambia.

Niliokota skrubu moja.

"Jana huyu alinipigia anataka mgongo," akamwambia mama, sauti imeshuka. "Fundi hasahau vipimo vyake. Leo nimekwenda na bisibisi yangu. Nikakuta maandishi. Nimesoma mistari minne tu. Wa nne unasema asisomewe na mtu, nikafunga shuka hapo hapo. Mimi nauza vitu vya watu enzi zote hizi, mama, lakini barua za watu sisomi."

Akauweka ule ubao mapajani mwa mama, juu ya ule wangu. Akafungua shuka.

Plaiwudi iliyozeeka kweli ina rangi ambayo chai haiwezi kuitoa. Niliiona nikiwa mbali.

"Dada," nikasema, sijui nilitaka nini kwake.

"Usiniite," dada akasema.

Mama alisoma ubeti wa kwanza kwa haraka, ule aliokwisha kuusoma. Kisha kidole kikashuka kwenye wa pili. Kikaenda polepole. Midomo haikucheza safari hii. Alipomaliza, alirudi juu akausoma wa kwanza tena, akabaki kwenye mstari wa pili muda mrefu sana, na bega lake likalegea kama la mtu aliyejibiwa.

Ndipo akayanyanyua yale macho mapya akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningeijua hasira, ningeweza kujibu hasira.

"Huu wa pili uliusoma?"

"Sikuumaliza, mama."

"Nilijua. Ungeumaliza usingeuza." Akafuta ubao kwa upindo wa kanga, taratibu, asije akafuta na penseli. "Jibu langu liko huku juu, lote, kwenye mstari mmoja: kunyamaza kwake hakukuwa kinyongo. Huku chini hakuna langu. Hakuna randa, hakuna nyota."

Akaugeuza ubao, maandishi yakanitazama mimi.

"Huku chini ni kwako. Kakuita kwa jina."

Niliupokea. Na mikono yangu, ambayo haikutikisika kwenye pete, wala kwenye chai na siki, wala kwenye penseli ya marehemu, ilianza kutetemeka mpaka ubao ukagonga kabati la uongo.

"Soma," mama akasema. "Mimi nilikatazwa kusomewa ubeti wangu. Wewe hukukatazwa kusoma mbele za watu, si ndiyo kazi yako? Simama, malenga. Kwa sauti."